Ngumi Mbili Kutoka Kaskazini

Nyakabanda, Kigali
3 Novemba 1987

Mwanangu Mwamini,

Amani ikufikie pamoja na nyumba yako yote. Anwani nimepewa na shangazi yako Mukeshimana, yule anayeuza maharage Nyabugogo. Alisikia naumwa, akaja kunitazama na kikapu kichwani. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, kumbe bado iko hai?" Nikamjibu, "Kidogo." Akacheka mpaka akakaa chini.

Huenda umenisahau. Mimi ni Sudi Nsabimana, niliyekufundisha jiografia mwaka wa 1966 katika shule yetu ya Waislamu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, unaketi mbele ya Hakizimana, naye alikuwa akikupaka chaki kwenye nywele kila ninapogeukia ubao.

Unazikumbuka safari zetu za vichwa mezani? Mvua ilipopiga mabati hata sauti yangu isisikike, niliwaambia mlaze vichwa na kufumba macho. Nikapita katikati ya madawati nikisema karibu na masikio yenu: tone limeanguka juu ya paa letu. Limeingia mferejini. Limeshuka Nyabugogo, limeingia Nyabarongo, sasa ni Akagera, maji yamekuwa mazito na ya rangi ya chai. Mnasikia nini? Ninyi mkajibu mkiwa mmefumba macho: vyura, Mwalimu. Viboko, Mwalimu. Tukavuka ziwa kubwa, tukashuka na Naili. Kila mara Hakizimana alikuwa ameshalala kabla ya jangwa, na darasa zima likasema, "Hakizimana amebaki Khartoum."

Siku hizi mimi ndiye niliyelaza kichwa. Kitanda changu kiko dirishani. Asubuhi ukungu hujaza bonde lote la Nyabugogo, vilima vinabaki kama visiwa, na mimi huona kitanda kinaanza kusogea taratibu, bila kelele, kikifuata maji. Nikifumbua macho ni saa nne, jua limefuta bahari yote, na mdogo wangu Bizimana yuko sebuleni anapiga cherehani. Bahari yenyewe sijaiona mpaka leo, ingawa babu yangu alitoka huko.

Nina swali moja dogo. Watu wa Tanga huelekea upande gani wanaposali? Usinijibu kama swali la dini, nijibu kama swali la jiografia. Na uniambie kama bado unafundisha, na unafundisha kwa kutumia nini.

Mwalimu wako,
Sudi Nsabimana


Tanga
26 Novemba 1987

Mwalimu wangu, shikamoo.

Barua yako niliifungulia palepale posta. Nilipofika kwenye chaki na Hakizimana nikacheka peke yangu, karani akanitazama vibaya. Nikaisoma tena nyumbani. Mume wangu akauliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mtu aliyenipeleka Misri nikiwa nimefumba macho. Akasema niache kumchanganya.

Ndiyo, bado nafundisha. Jiografia, darasa la sita na la saba. Umeuliza kwa kutumia nini. Kwa chungwa, Mwalimu. Nalichorea ikweta kwa wino, nachora mistari ya longitudo kutoka kwenye kikonyo mpaka chini, halafu nalimenya ili waone jinsi ngozi ya dunia inavyochanika ukitaka kuilaza mezani iwe ramani. Mwisho wa kipindi tunalila. Watoto wangu wanajua kwamba Australia ni chachu.

Shule ina tufe la dunia, zuri, liko stoo. Silishiki. Mwenzangu akilileta darasani mimi huweka mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa. Wewe unajua sababu, na kwa kuwa umeniandikia wewe kwanza, niseme nililotakiwa kukwambia miaka mingi iliyopita.

Ulitupa kila mmoja pini na uzi. Tuchague miji miwili, tuvute uzi juu ya tufe, tuseme unaelekea wapi. Uwamahoro alichagua Paris. Hakizimana alichagua Brazil kwa sababu ya mpira. Mimi nilichagua Makka, kwa kuwa bibi yangu alikuwa anaota kwenda. Kigali haikuwepo juu ya tufe lile, palikuwa na nukta uliyoiweka wewe kwa kalamu. Nikachoma pini hapo. Nikavuta uzi. Nikasema kwa sauti, kama mjinga, "Mwalimu, uzi hauendi kaskazini. Unakwenda pembeni, kwa mashariki. Msikiti wa babu yako unaelekea kaskazini, umekosea." Darasa likacheka. Ukasema, "Uzi umeteleza. Kaa chini."

Wiki iliyofuata tufe halikuwepo. Ulisema limepasuka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa limepasukia wapi, maana pini ilikuwa yangu na mimi ndiye niliyesukuma kwa nguvu. Waliniita Mvunja Dunia mpaka nilipoondoka Kigali. Nikipita kisimani, "Jamani shikeni ndoo zenu, Mvunja Dunia anakuja." Hata siku ya harusi yangu kuna mtu alilisema.

Sasa nikujibu swali lako. Huku wanaelekea kaskazini. Moja kwa moja, kama ukuta wa msikiti wenu. Ijumaa yangu ya kwanza Tanga niliona safu zote zimegeukia kule, nikasema moyoni: basi Mwalimu alikuwa sahihi, uzi uliteleza kweli. Nikaona aibu mara mbili, kwa kumkosea babu yako na kwa kuvunja tufe pekee la shule. Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa mtoto.

Bahari iko mwisho wa barabara ya shule. Inafanana na ukungu wa Nyabugogo, ila saa nne ikifika haiondoki.

Mwanafunzi wako,
Mwamini Mukarugwiza


Nyakabanda
20 Desemba 1987

Mwanangu Mwamini,

Tufe halikupasuka.

Liko chini ya kitanda ninachoandikia. Limefungwa kwa shuka ya bluu, na nikiteremsha mkono usiku naligusa. Tundu la pini yako ni dogo kuliko punje ya ulezi. Halina ufa. Halijawahi kuwa na ufa.

Siku ile mlipotoka darasani nilifunga mlango nikavuta uzi mwenyewe. Nikauvuta tena. Haukuteleza. Nikatoka uani, nikanyoosha mkono kama nilivyowafundisha, ngumi moja kwenye upeo wa macho ni digrii kumi, nikahesabu kutoka kaskazini kwenda mashariki: ngumi mbili na kidole. Ulisema kweli. Nami nilijua unasema kweli hata kabla sijakwambia ukae chini, kwa sababu nilikuwa nikitazama uso wako, nawe hukuwa na shaka.

Sasa usikilize, kwa kuwa wewe ni mwalimu na utaelewa upesi. Tanga wanaelekea kaskazini na hawakosei. Tanga, Pangani, Bagamoyo, pwani yote ile iko karibu chini ya Makka, katika longitudo ileile kwa tofauti ndogo. Babu yangu Maneno alizaliwa Bagamoyo. Alikuja na msafara uliobeba vitambaa, wakatembea miezi kwa miezi kuelekea jua linapozama. Kila jioni alitandika mkeka na kugeukia kaskazini, kama mama yake alivyomgeuza alipokuwa mdogo. Hakuna aliyemwambia kwamba ukitembea kwenda magharibi, Makka nayo inasogea kwenda mashariki, polepole, nyuma ya bega lako. Akafika hapa, akaoa, akajenga msikiti wake mdogo wa udongo hapa Nyakabanda. Akauelekeza anakokujua. Alibeba kibla ya kwao kama mtu anavyobeba mbegu.

Kwa nini nilinyamaza? Mwezi ule baba yangu, aliyekuwa imamu, alikuwa anajenga ukuta wa matofali juu ya msingi uleule wa babu. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipandisha matofali kichwani kutoka bondeni. Baba alikuwa na kifua kibaya. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anaushika ukuta kwa kiganja kila unapopanda, anatabasamu. Nikasema nitamwambia kesho. Nikaogopa kwamba wewe au mwenzako atavuta tena uzi mbele ya mtu mzima, nikalichukua tufe nikasema limepasuka. Sikufikiri kwamba watakuita lolote. Nilipoyasikia yale matusi, nilisema pia nitayakomesha kesho.

Ukuta ukaisha. Baba akafa, akalazwa akielekea upande wa ukuta. Ile kesho ikawa ndefu.

Kila mwaka niliendelea kuwafundisha watoto ubaoni: mahali si jina tu, mahali ni uhusiano, ukisogea wewe, pande zote zinasogea. Waliandika. Walifaulu mtihani.

Sasa nakueleza kwa nini niliuliza. Daktari hasemi mengi, lakini ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Bizimana, mdogo wangu, ndiye imamu siku hizi, baada ya cherehani. Ndiye atakayenilaza kaburini, na atanilaza ubavu wa kulia nikiutazama upande wa ukuta, kando ya baba na babu. Wao hawakujua, na asiyejua ana udhuru. Mimi nilijua. Mwamini, sitaki kulala mpaka siku ya kufufuliwa nimegeukia uongo wangu mwenyewe. Lakini nikisema, namwambia Bizimana kwamba yote aliyoyasimamia yako pembeni, na kwamba mimi kaka yake niliswali nyuma yake miaka yote nikijua.

Naomba kitu kimoja. Vuta uzi tena. Uniandikie ulichokiona, kwa jina lako. Nilikunyang'anya jibu lako, sitaki kwenda kulisema kama langu.

Sudi


Tanga
11 Januari 1988

Mwalimu Sudi,

Barua imefika. Nimeisoma.

Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi na mitatu. Jana alinyoosha mkono mezani kusema jambo, nikamwambia, "Una hakika lakini?" kabla hajamaliza. Nimemwambia hivyo tangu alipoanza kusema. Sikujua nilikoitoa sentensi hiyo.

Usiniandikie kwanza.

Mwamini


Nyakabanda
2 Februari 1988

Mwanangu,

Umesema nisiandike, nami naandika. Kila darasa lina mtundu mmoja.

Sitaomba uzi tena. Nimelala nikiufikiria huo uzi siku nyingi, na nimeona kwamba sikuuhitaji. Nilijua jibu. Nilichokihitaji ni ujasiri, na nikaja kuuomba kwa mtoto yuleyule niliyemnyang'anya. Hilo nalo ni kosa, liongeze kwenye lile la kwanza. Ijumaa hii nitawaomba vijana wanibebe kwenye kiti mpaka msikitini, na tufe magotini. Nitasema mwenyewe. Nitalitaja jina lako, kwa kuwa ni lako, lakini sitasema umenisamehe, kwa kuwa hukusema.

Jana nilimwomba Bizimana akigeuze kitanda changu. Kidogo, kidogo tena, hapo. Sasa kimekaa mshazari katikati ya chumba na mlango haufunguki vizuri. Akasema, "Kaka, kwa nini unalala kama mkasi uliotupwa?" Nikamwambia napata upepo. Uongo wangu wa mwisho, naahidi.

Tangu kigeuzwe, maji yanakipitia vizuri zaidi. Alfajiri ukungu ulipanda mpaka dirishani. Nilisikia vyura, halafu maji mapana yasiyo na sauti. Mlikuwa mmelaza vichwa, wote, na chaki ilikuwa kwenye nywele zako, na mimi nilikuwa napita katikati ya madawati lakini sikukumbuka mto unaofuata. Nikawauliza ninyi. Mkaniambia.

Hasira yako ni ya haki, usiiharakishe.

Sudi


Tanga
19 Februari 1988

Mwalimu wangu, shikamoo.

Jumatatu nilikwenda stoo nikachukua tufe kwa mikono yangu miwili. Ni jepesi. Nilidhani dunia ni nzito.

Nilipoingia nalo darasa la saba mmoja akanong'ona, "Leo hatuli." Nikawapa uzi na pini. Nikawaambia: kuna mji unaitwa Kigali, umeandikwa kwa herufi ndogo sana, utafuteni. Kuna watu wanasali hapo wakielekea kaskazini kama sisi. Je, wamepatia? Nusu ya darasa wakasema ndiyo kabla ya kutazama, maana kibla ni kaskazini, nani hajui. Nikasema vuteni.

Wakavuta wakiwa watano watano. Hakuna kundi lililopata kaskazini. Mvulana mmoja akasema labda uzi umeteleza. Nikamwambia, "Inawezekana. Uvute tena, kisha uuvute mara ya tatu, na ukiona hautelezi uniambie mimi nimekosea." Akavuta. Akasema, "Hautelezi, Mwalimu." Tukatoka uani tukanyoosha mikono kama tuko Kigali. Ngumi mbili na kidole.

Hilo ndilo jibu langu, na nimelitia sahihi.

Halafu msichana mmoja akauliza: kwa hiyo yule mzee aliyejenga alikuwa anaelekea wapi? Tukaweka pini Kigali, tukavuta uzi moja kwa moja kaskazini. Ulipita Sudani, ukakata jangwa la Misri, ukaingia bahari ya kule juu. Darasa wakasema maskini, alikuwa hasali popote. Usiku nikafikiri. Si kweli kwamba alikuwa hasali popote. Alikuwa amesimama kama anavyosimama mtu wa Bagamoyo. Alitembea miezi yote hiyo, akaoa, akazaa, akazeeka kwenye mlima wenu wa ukungu, na mara tano kila siku aligeuza mwili wake kama alivyogeuzwa na mama yake. Mimi ninayeishi mbali na kwetu namwelewa. Nikiamka mvua inanyesha Tanga, huwa nasikiliza inaelekea Nyabugogo.

Huyo ana udhuru, kama ulivyosema. Wewe huna. Umeuliza bila kuuliza kama nimekusamehe. Baadhi ya siku ndiyo. Jumatatu ilikuwa ndiyo. Jumanne nilipita kisima cha huku nikayasikia tena kichwani yale maneno, ikawa hapana. Nadhani siku za ndiyo zitakuwa nyingi, na nataka uwe hai kuziona, kwa hiyo usife haraka.

Kama Mzee Bizimana hataki kuamini uzi, mwambie asimike fimbo wima uani. Mwezi huu kwenu jua liko upande wa kusini, basi saa sita, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, kinalalia kaskazini. Kutoka hapo ngumi mbili na kidole kwenda mashariki. Fimbo haina jina la mtu, haitamuudhi.

Binti yangu amesema mezani kwamba atakuwa rubani. Nikasema, "Nieleze."

Mwamini


Nyakabanda
14 Machi 1988

Kwako Mwamini,

Salamu nyingi. Mimi ni Bizimana, mdogo wake Mwalimu. Unisamehe Swahili yangu, ya kwake ilikuwa ya vitabu, yangu iko ya cherehani.

Kaka ametutoka. Ilikuwa alfajiri, ukungu ulikuwa mwingi. Nilikuwa nimempelekea chai. Akaniambia, "Weka hapo, karibu tunafika." Nikauliza wapi, akafumba macho. Nilidhani amelala. Barua yako ya Februari ilifika tumeshamzika. Nikaenda nayo kaburini nikamsomea kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa yake. Pale uliposema asife haraka nilishindwa kidogo, nikaendelea.

Umva, sikiliza nikueleze yote, kwa sababu najua unataka kujua amelazwa vipi.

Ile Ijumaa walimbeba na kiti. Baada ya swala akaomba kusema. Akafungua shuka ya bluu, tukaona dunia. Wazee wengine walisogea nyuma, mmoja wao, Nzeyimana, alidhani ni bomu. Kaka akasema mambo yote. Babu, baba, ukuta unaoelekea Misri, wewe na pini yako, tufe chini ya kitanda. Sauti ilikuwa ndogo, hata mtoto aliacha kukohoa. Mimi nilisimama palepale mbele ya ukuta wa baba na damu ikanipanda. Nikamwambia mbele ya watu, "Kaka, unataka kusema baba alisali kwa Misri?"

Akasema, "Baba alisali kwa Mungu. Mimi ndiye niliyesali kwa ukuta."

Nikatoka. Sikumpelekea chai Jumamosi wala Jumapili. Nilipiga cherehani mpaka nikashona mfuko wa suruali ukafungwa juu. Unajua mimi nilikasirika nini? Si ukuta. Kwamba alisimama nyuma yangu miaka yote akaniacha nielekeze watu, wala hakunivuta shati.

Jumatatu Hakizimana akaja. Yule wa Khartoum, sasa anaendesha lori la saruji. Akasimika fimbo uani kwangu bila kuniuliza. Nikamwambia, "We Hakizimana, unafanya nini kwa watu?" Akasema, "Nafanya zoezi la 1966, sikulimaliza, nililala." Tukakaa tukitazama kivuli kama watu wanachunga mbuzi. Kikafupika, kikafupika, kikasimama. Akaweka jiwe. Akanyoosha ngumi zake, na zile iko ngumi za lori, nikamwambia hizo ni digrii mia, lete za mtu wa kawaida. Nikaweka zangu. Nikatazama ukuta wa baba, nikatazama ngumi. Nikaingia ndani na kitanda cha kaka kilikuwa kimekaa hivyohivyo. Ndiyo nikajua alikuwa halali kama mkasi bure.

Nikamwambia, "Kaka, mbona hukunivuta shati?" Akasema, "Niliogopa utageuka." Tukacheka, halafu hatukucheka. Nikamletea chai.

Tulipomzika kulikuwa na maneno. Nzeyimana alisema mtu alale kama wazazi wake, atakuwa amewapa mgongo. Habiyaremye, mchimba kaburi, alisema kaburi la pembeni linakula nafasi ya watu wawili. Nikawaambia mimi ndiye imamu na mimi ndiye ndugu. Tulipima kwa fimbo na kwa ngumi, na Hakizimana akashika kamba. Tumemlaza ngumi mbili na kidole. Baba na babu tumewaacha walivyo, wamestarehe.

Basi sasa makaburi yote pale yamenyooka safu moja, na la kaka limekaa mshazari kama jino lililoota vibaya. Kila anayepita anauliza, "Huyu kwa nini amewekwa hivi?" Na sisi tunaanza hadithi, na haiwezi kuanza bila jina lako. Mukeshimana anaisimulia Nyabugogo akipima maharage, ameongeza vitu ambavyo havikuwepo.

Ukuta hatukubomoa. Nani atabomoa matofali ya mama zetu? Tumelaza mikeka mshazari tu, kama mtu anavyokata kitambaa kwa upande ili sketi icheze. Tunapiga safu nzuri. Lakini chumba ni cha pembe nne na mikeka imeinama, basi kwenye kona pamebaki pembe tatu tupu isiyoenea mtu. Tumeweka pale kigoda cha baba, na juu yake tufe. Watoto wa madrasa hawakauki pale. Wanaizungusha dunia mpaka inalia. Kona yenyewe wameshaipa jina. Wanaiita Kwa Mvunja Dunia. Nilitaka kuwachapa, nikaona wanalisema kwa heshima, kama unavyotaja mji.

Jambo la mwisho. Lile tundu la pini. Watoto wanatia kucha, naona linaongezeka. Nina gundi nzuri ya viatu, naweza kuliziba lisionekane kabisa. Lakini ni tundu lako, na kaka hayupo wa kuuliza. Uniambie.

Bakari Bizimana,
fundi na imamu


Tanga
5 Aprili 1988

Mzee Bizimana, shikamoo.

Pole, na Mungu amlaze pale alipotaka kulala. Nilipofika kwenye chai nilitoka nje nikakaa mpaka jua likazama.

Tundu usilizibe. Mwezi wa sita tuna likizo, nakuja na binti yangu. Mwambie Hakizimana asilale. Uzi nitaleta mimi.

Wako,
Mwamini Mvunja Dunia